Methionini na laisini za kupima Kariakoo, nimezijaribu kwa kuku wa nyama bila dagaa

Jamani wafugaji wenzangu, hii ya methionini na laisini (ni amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini) ni kwa wale wanaochanganya chakula wenyewe, mana mimi nlihangaika sana mpaka kumpata mtu wa kunielewesha. Nafugia Kivule, kuku 300 kwa awamu, nawauzia wakaanga chipsi wa huku huku, wanaobaki nawapeleka Shekilango. Dagaa niliacha mwaka jana. Unanunua gunia la dagaa wa kuku unakuta robo ni mchanga, awamu nyingine chumvi imezidi kuku wanakunywa maji hovyo maranda yanalowa, afu mteja wangu mmoja wa chipsi akaniambia kabisa, dada, kuku wako wananukia samaki. Nikasema basi, kuanzia leo ni mimea tupu, mahindi na mashudu ya soya na mashudu ya alizeti kidogo.

Awamu ya kwanza ilinitoa machozi. Hesabu ya protini nilipiga vizuri tu, 21 kwa mia, nikajua nimemaliza kazi. Wiki ya tatu migongo iko wazi, manyoya yanaota kwa mafungu, wameanza kudonoana, siku ya 35 wengi hawajafika kilo moja na nusu. Nikalaumu vifaranga, nikalaumu joto, nikabadilisha hadi vitamini za kwenye maji.

Aliyenifungua macho ni kijana muuzaji kwenye duka moja la dawa za mifugo Kariakoo. Aliniuliza unaweka nini, nikamtajia, akasema mama, hapo protini ipo ila methionini imepelea. Mimi kichwani nikaielewa kwa mfano wa fundi wa sare za shule: ana kitambaa cha mashati 20 lakini vifungo vinatosha mashati 10, mashati ya kuvaa yatatoka 10 tu, kitambaa kilichobaki hakina kazi. Na kwa kuku kile kilichobaki hakikai bure, mwili unakivunja unakitoa kwenye kinyesi, ndo ile harufu kali ya amonia inayokuchoma macho ukifungua banda asubuhi. Kwaiyo nlikua nalipia soya ili ninuse amonia!

Soya ina laisini ya kutosha ila methionini yake ndogo. Alizeti ni kinyume, methionini afadhali ila laisini haba, tena ina makapi mengi, kifaranga mdogo usimwekee nyingi. Mahindi hayakusaidii sana kote kuwili. Ukichanganya mahindi na soya cha kwanza kupungua ni methionini, na manyoya yanaihitaji sana, ndo mana wangu walikua uchi.

Sasa bidhaa zenyewe. Methionini ni chenga nyeupe zinazong'aa, ina harufu ya kiberiti hivi, usiogope, ndivyo ilivyo. Laisini ni punje za rangi ya krimu kwenda kahawia. Hapa pana kitu wengi hatukijui: laisini hii inakuja imeshikamana na kitu kingine, asidi ya hidrokloriki, kwaiyo hata mfuko ukiandikwa usafi wa 98.5 kwa mia, laisini yenyewe ndani ni kama 78 kwa mia. Ukiweka gramu 200 kuku anapata kama gramu 156, hesabu ifanye hivyo.

Mimi kwa kilo 100 za chakula cha kuanzia naweka mahindi 57, mashudu ya soya 33, alizeti 5, zinazobaki ni chokaa, DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi), chumvi, primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na mafuta kidogo, afu methionini gramu 250 na laisini gramu 200. Soya yako kama ni mbichi usiipeleke popote kabla haijakaangwa, ina vitu vinavyozuia protini kusagika tumboni, hata uongeze amino asidi za namna gani utakua unapoteza. Na primiksi na DCP msiache, mana dagaa alikua anatuletea pia vitamini B12 na fosforasi, hizi chenga hazileti hivyo.

Kuchanganya ndo kazi. Gramu 250 kwenye kilo 100 ukizimwaga na koleo hazifiki kote, kuku mmoja anapata yote mwingine hapati. Mimi nazipima kwenye mzani mdogo wa keki, nachanganya na kilo 2 za unga wa mahindi kwenye beseni, hiyo naipeleka kwenye kilo 10, ndo naimwaga kwenye lundo na kugeuza mara nne. Usipime kwa kijiko wala usiongeze kwa mapenzi, methionini ikizidi sana kuku anakataa kula na anadumaa.

Matokeo: awamu niliyoanza kuziweka, siku ya 35 wengi walikua kilo 1.8, manyoya yamefunga, maranda makavu. Sisemi yote ni methionini, ilikua Julai, joto lilikua limepungua na vifaranga vilitoka sehemu nyingine, lakini manyoya na harufu ya banda, hayo nayapa chenga hizi bila kusita. Bei ya kilo inauma, ni mara kadhaa ya dagaa, ila kilo moja ya methionini inakupeleka kilo 400 za chakula.

Nilichokichukia ni ufungaji. Wanapima kutoka mfuko mkubwa wanakutilia kwenye nailoni, hamna jina, hamna tarehe ya kuisha. Robo kilo yangu ya kwanza nilipoipima nyumbani ilikua gramu 225. Laisini nayo iliganda mabonge ndani ya wiki mbili kwa huu unyevu wetu wa Dar. Nilirudi nikamwambia kijana, akanijazia bila ubishi na akanifungulia mfuko mkubwa nisome mwenyewe, hapo nampa heshima yake. Nawapa nyota nne.

Threonini, ambayo ndo ya tatu kupungua, hawakuwa nayo, ameniahidi mwezi ujao. Vifaranga vyangu vinaingia Jumatatu, nimeshachukua kilo moja moja, safari hii nilibeba mzani wangu mpaka dukani, na laisini naihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana.