Anko aliyeshona gauni: naichambua Renaissance ya Beyoncé

Haya wapenzi, karibuni barazani kwangu, Ngamiani, Tanga. Hizo kelele ni cherehani ya jirani, mnivumilie.

Leo albamu Renaissance. Najua, imetoka tangu Julai 2022, nimechelewa. Lakini kuna mdogo wangu mmoja, nyumbani kwao hawezi kusema anampenda nani, kaniuliza: "Dada, hii albamu kweli ni yetu sisi?"

Ni yenu. Beyoncé mwenyewe kamkumbuka anko wake Jonny, aliyemfundisha kuupenda muziki huu. Jonny alikuwa shoga, siyo ushoga wetu huu wa akina mama wa kuombana chumvi, ule mwingine. Na alikuwa fundi. Kwenye wimbo Heated anatajwa: anko Jonny ndiye aliyenishonea gauni. Hapo ndipo ninapolainika. Nani hapa hamjui fundi wa namna hiyo? Kashona harusi nzima, kadarizi mpaka usiku wa manane, picha zikipigwa hayumo. Humu kaitwa, kasimama na bibi harusi.

Muziki wenyewe ni hausi, muziki wa kucheza klabuni, ya Chicago, klabu ya Warehouse, DJ Frankie Knuckles kwenye sahani, ukumbini wamejaa weusi na mashoga. Kwenye Pure/Honey utasikia sauti za Kevin Aviance na Moi Renee, watu wa klabu za New York. Kule vijana waliofukuzwa kwao walijiunga na "nyumba", makundi ya kulelana kama familia, kila nyumba na mama yake.

Nyimbo 16, dakika 62, zimeungwa. Energy inaingia Break My Soul, mshono huuoni. Kwa hiyo pakua kwanza! Bando likikata katikati, kazi yote inafumuka. Na usichanganye mpangilio.

Kasoro? America Has a Problem huwa naruka. Video za nyimbo tulizitarajia, mpaka leo kimya. Na wewe mtu wa taarabu unayependa fumbo, hapa maneno yako wazi, mengine makali. Usifungulie spika mama mkwe akiwa anachambua mchele.

Juzi mimi na yule mdogo wangu tulikaa ufukweni Raskazone, baiskeli tumezilaza, waya mmoja sikioni kwangu, mwingine kwake. Ikaja Cozy, wimbo wa mtu asiyejionea haya tena. Akanyamaza. Taarabuni mwenye lake akilisikia huinuka akatunza, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Pale ufukweni msanii hayupo. Akaingiza mkono mfukoni, akanitunza mimi mia tano.