FEMM kwa hesabu za sumaku inayoelea: nzuri kwa sumaku, kwa supakondakta kuwa makini

Wakuu mlioko vyuo vya huku Mwanza, kama project yako ni sumaku kuelea juu ya supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa sana) usikimbilie programu za kulipia, anza na FEMM ya David Meeker, programu ya kukokotoa uga wa sumaku, ni ya bure na inakaa kwenye laptopu ya kawaida ya Windows, ukishaidaunlodi haili bando tena, hata Nyegezi umeme ukikatika unaendelea na chaji iliyopo.

Upande wa sumaku naipa nyota 5. Sumaku ya duara na kidonge cha YBCO (supakondakta ya kauri) vinashea mhimili mmoja kwa hiyo unachora nusu tu, unachagua neodimiamu kwenye maktaba yake na nguvu unaisoma palepale. Grafu ya nguvu kwa umbali usisogeze sumaku kwa mkono milimita moja moja, andika skripti ya Lua (lugha ya kuiamuru programu) irudie hesabu kwa kila umbali. Halafu meshi (vipande vidogo ambamo programu inagawa mchoro) ya hewa kati ya sumaku na kidonge iwe ndogo sana, wengi namba zinawaharibikia hapo halafu wanailaumu programu bure.

Supakondakta sasa, nyota 2. Njia ya mkato ni kuipa YBCO pemeabiliti (uwezo wa kupitisha uga wa sumaku) karibu na sifuri, uga wote unafukuzwa na unapata msukumo, sawa, ni kikomo kizuri cha juu, lakini sumaku ikishuka au ikipanda namba ni ileile. Kidonge halisi kikipozwa na naitrojeni ya kimiminika (77 K, ileile wahimilishaji wanahifadhia mbegu za ng'ombe) kinanasa uga ndani, sumaku ikishuka inasukumwa sana, ikirudi juu msukumo unaporomoka na unaweza hata kugeuka mvuto. Ukikipoza sumaku ikiwa tayari karibu, msukumo unakuwa mdogo ila sumaku inashikwa, haichomoki pembeni. Aisee huo ndo utamu wenyewe wa kuelea na kwa njia hii hauuoni kabisa, kwa hiyo mtu asiweke hiyo grafu kwenye ripoti akasema ndo YBCO.

Ukifika hapo hamia GetDP, programu nyingine ya hesabu kama hizi, nayo bure, imetoka Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na kuna modeli zake za supakondakta zinaitwa Life-HTS. Faili unaandika kwa maandishi, meshi unaitengeneza na programu ya Gmsh, mwanzoni inachosha kweli, ila mistari miwili tofauti ya grafu, wa sumaku ikishuka na wa ikipanda, utaipata.