Krimu za makunyanzi Mwanza: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Kabla hujatoka na pesa kwenda dukani, simama karibu na dirisha, inua mkono, utazame ngozi ya ndani pale juu karibu na kwapa, ambako jua halifiki. Kisha tazama shavu lako kwenye kioo. Ngozi hizo mbili umezaliwa nazo siku moja. Mama yangu mdogo ameuza dagaa Igombe zaidi ya miaka ishirini, akiwaanika na kuwageuza juu ya mchanga tangu asubuhi. Mwaka jana aliniomba nimnunulie krimu ya makunyanzi, nikamwambia kwanza ainue mkono. Ndani ya mkono ngozi yake ni laini kama ya binti. Usoni mistari imechimbika pembeni mwa macho, na mashavu yana madoa ya kahawia. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na jua. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na kitu ambacho muuzaji hatakutajia ukimuuliza krimu ya kuondoa makunyanzi.

Nafasi ya kwanza naipa krimu ya kuzuia jua, na sioni ya kushindana nayo.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa sita linatupiga utosini mwaka mzima, hatuna majira ya kupumzika. Mionzi inayozeesha ngozi zaidi, ile ya UVA, hupenya mawingu na hata kioo cha gari, ikaingia ndani ya ngozi na kukatakata kolajeni, yaani nyuzi zinazoishika ngozi isilegee. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa Marekani wa miaka 69 aliyeendesha lori miaka 28. Upande wa kushoto wa uso, uliokuwa dirishani, umejaa mikunjo minene inayoning'inia. Upande wa kulia utadhani ni wa mdogo wake. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo wewe dereva wa daladala ya Igoma tazama shavu la kulia.

Najua utaniambia sisi weusi tuna kinga yetu. Ni kweli, melanini, yaani rangi ya ngozi yetu, inatusaidia sana, ndiyo maana makunyanzi yetu huchelewa kuliko ya Wazungu. Lakini inapunguza tu, haizuii yote. Na kwetu jua hutangulia kuonekana kama madoa na rangi isiyolingana, mikunjo ikafuata nyuma.

Krimu ya jua imepimwa kwa watu, tena kwa miaka. Katika mji wa Nambour, Australia, watu 903 wenye umri chini ya miaka 55 waligawanywa: wengine waliambiwa wapake krimu ya jua kila siku, wengine wapake watakavyo wenyewe. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku ngozi yao ilikuwa imezeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko wenzao. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2013. Kopo la bei mbaya lenye picha ya msichana wa miaka 20 halina ushahidi wa namna hiyo nyuma yake.

Dukani tafuta SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile inayounguza ngozi, na SPF 50 karibu 98, kwa hiyo usijiumize mfuko kwa ajili ya iliyoandikwa 100. Jambo la pili, na hili watu wengi hulipita, ni kinga ya UVA: tafuta maneno Broad Spectrum, au herufi UVA ndani ya duara, au PA yenye alama tatu au nne za kujumlisha. Zenye zinki na titani huacha weupe, ukatoka kama mtu aliyetoka kusaga unga. Omba upakwe kidogo kwenye taya, toka nje ya duka, usubiri dakika chache, ujitazame kwenye kioo cha simu juani. Taa za ndani ya duka zinadanganya. Zilizo kama jeli, zisizo na madini hayo, hukubali vizuri zaidi rangi ya maji ya kunde na weusi wetu. Ndugu zetu wenye ualbino wana krimu yao, Kilisun, inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao. Kwao hili si suala la makunyanzi, ni la saratani.

Na kofia pana au kanga kichwani ni sehemu ya kinga hiyohiyo. Kwa anayeshinda soko la samaki la Mwaloni au kwenye mtumbwi, krimu peke yake haitoshi, maana hutoka kwa jasho na inatakiwa irudiwe kila baada ya saa mbili.

Ya pili ni familia ya vitamini A. Kama krimu ya jua ni ukuta, hizi ndizo fundi wa kurekebisha kilichokwisha kuharibika. Yenye nguvu ni tretinoini, nayo ni dawa: nenda nayo kwa ushauri wa daktari na uinunue famasi. Marekani waliiruhusu kwa chunusi mwaka 1971, na mwaka 1995 wakaipitisha kwa mikunjo midogo ya uso. Huifanya ngozi itengeneze kolajeni mpya na kubadilisha tabaka la juu haraka zaidi. Retinoli, unayoikuta kwenye vipodozi, ni mdogo wake: inafanya kazi ileile kwa upole na kwa kuchelewa.

Hapa subira ndiyo bei kubwa. Hesabu miezi mitatu hadi sita kabla ya kuona kitu ambacho kioo kinakikubali. Mimi nilianza kwa pupa, kila usiku, na niliipaka kama losheni. Siku ya tano pembe za pua zilikuwa zinachubuka, maji ya kunawa yakawa yananiuma. Anza na nguvu ndogo, tretinoini ya asilimia 0.025, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, usiku tu, mara mbili kwa wiki, kisha ongeza taratibu. Ngozi nyeusi ikiungua huacha doa, na doa hilo hukaa miezi. Asubuhi yake krimu ya jua ni lazima. Mjamzito au anayetafuta mimba asiiguse kabisa, tretinoini wala retinoli, na anayenyonyesha amuulize daktari kwanza.

Ya tatu ni mafuta ya mgando na gliserini, tena nazipanga hapa bila aibu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, upepo ukivuma kavu, mingi ya mistari midogo unayoiona pembeni mwa macho ni ukavu tu. Nawa, acha uso uwe na unyevu, paka kidogo, na asubuhi mistari hiyo imefifia. Hazijengi kolajeni, lakini kwa bei yake hakuna kinachozishinda. Mwenye chunusi achague losheni nyepesi ya gliserini badala ya mgando.

Nne, niasinamaidi (niacinamide), aina ya vitamini B3, ya asilimia 4 au 5. Haina ugomvi na ngozi, inapunguza madoa, na kwa mjamzito ndiyo mbadala mzuri wa retinoli. Mikunjo inaipunguza kidogo tu.

Vitamini C ingekuwa juu zaidi kama tungeishi penye baridi. Inapokuwa mbichi inafanya kazi, lakini joto, mwanga na hewa huiharibu upesi. Chupa iliyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana huenda ilikufa kabla hujafika. Itikise, itazame: ikiwa imegeuka rangi ya chai, iache. Ukiinunua, chagua chupa nyeusi au ya pampu isiyoingiza hewa.

Mwisho wa orodha ni makopo ya kolajeni. Nilitoa elfu themanini kwenye duka moja la mjini, dada muuzaji akaniapia, "Wiki mbili tu, utanikumbuka." Kolajeni ya kwenye kopo ina molekuli kubwa mno, haipenyi ngozi, inakaa juu, inalainisha, na ukinawa inakwenda na maji. Nilikuwa nimenunua gliserini kwa jina jingine. Kama unalo tayari nyumbani limalize, halina madhara, ila usirudie.

Kuna kundi ambalo silipi hata nafasi ya mwisho: krimu za "kung'arisha na kuondoa makunyanzi" zinazoleta majibu ndani ya siku saba. Ndani yake mara nyingi kuna klobetasoli, ambayo ni steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, au haidrokwinoni, dawa ya kuchubua, au zebaki. Steroidi ndiyo inayowanasa mama zetu, kwa sababu wiki za mwanzo uso hutulia na kuwa laini kweli. Kisha ngozi inakonda, mishipa myekundu inajitokeza mashavuni, na uso unakunjana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Mtu alikwenda kutafuta dawa ya makunyanzi, akarudi na makunyanzi zaidi. Zebaki yenyewe huingia mwilini na kuharibu figo. Kwenye lebo ukikuta maneno mercury, calomel, clobetasol au hydroquinone, iache. Krimu iliyochotwa kwenye ndoo na kutiwa kikopo kisicho na lebo usiinunue hata ukipewa nusu bei. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, kwa hiyo ukikuta bidhaa ya namna hiyo, huko ndiko kwa kupeleka taarifa. Na kama umekwisha kuizoea yenye steroidi, usiache ghafla, maana uso huwaka na kuvimba. Daktari wa ngozi atakupunguzia hatua kwa hatua.

Mama mdogo nilimpelekea tyubu ya krimu ya jua ya mililita 50 na kopo la mafuta ya mgando, basi. Nilimwonyesha kipimo: mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada, mwingine kwenye cha kati, kwa uso na shingo. Alishtuka, "Yote hii?" Yote. Kwa kipimo hicho, tyubu hiyo haifiki miezi miwili. Ya kwako ikiwa imekaa nusu mwaka na bado imejaa, ongeza kipimo kwanza kabla hujasema krimu haifanyi kazi.