Kamusi ya Kiswahili Sanifu mkononi mwa babu na mjukuu

Kamusi hii ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, huwekwa rafuni kwa ajili ya mitihani. Sisi tunaipima kwa kazi nyingine: kuelewa lugha ya mitaani.

Ukisikia "nimemzimia", usitafute neno zima kama lilivyo. Ondoa ni-, -me- na -m-, kisha fuata shina "zima" mpaka "zimia". Utapata kupoteza fahamu. Hapo ndipo thamani ya kamusi ilipo, kwani inakupa maana mama, nawe unaona vijana walivyofika kwenye kupenda mno. Poa nalo ni hivyo hivyo: kwa bibi, chai iliyopoa ni ya kurudishwa jikoni, kwa mjukuu, poa ni sifa. Demu ni gumu zaidi. Zamani lilikuwa kitambaa kikuukuu, kwa hiyo mzee anayelichukia ana sababu.

Udhaifu mkubwa ni kwamba maana hazina tarehe, hivyo huwezi kujua neno liligeuka lini. Daladala, kwa mfano, linatokana na dala, yaani shilingi 5, nauli ya enzi hizo; kijana wa leo anayeita shilingi 1,000 "buku" halioni hilo.

Tumia penseli pembeni mwa ukurasa: andika sentensi nzima, mtaa na umri wa msemaji. Usiandike maana mpaka uwe na sentensi 3 kutoka kwa watu tofauti, kwani sentensi moja huweza kuwa utani wa kijiwe kimoja tu.

Kwa Kiswahili sanifu, inunue. Kwa misimu, yaani lugha ya mitaani, inunue pamoja na penseli.