Mtungi wa udongo: maji baridi bila umeme

Nina miezi mitatu nautumia, wa lita 20, niliununua kwa mama mmoja mfinyanzi hapa Tanga. Maji yake yana ubaridi usioumiza meno, na harufu kidogo ya ardhi iliyonyeshewa. Naupenda mno.

Mwanangu aliuliza, "Mama, nani anayapoza?" Nikamwambia ashike ubavu wa mtungi: umelowa. Udongo una vitundu vidogo sana. Maji hupenya hadi nje, kisha hukauka hewani. Chembe za maji zenye kasi kubwa ndizo hutoroka kwanza, tena huondoka na joto, zinazobaki zimepoa. Gramu 1 tu ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kupoza zaidi ya gramu 500 za maji kwa nyuzi 1.

Ndiyo maana nawaomba msinunue uliopakwa rangi ya mafuta. Niliwahi kuuziwa mmoja kwingine, unapendeza macho kweli, lakini vitundu vimezibwa na maji yakabaki vuguvugu. Wenu uwekeni kivulini penye upepo. Masika, hewa ikijaa unyevu, ubaridi hupungua. Hilo si kosa la mfinyanzi.