Chuchu nyekundu ya kufungia kwenye chupa ya soda

Kwa mwanambuzi au mwanakondoo aliyekosa mama, chuchu hii yenye kitako cha njano inaishinda ya mtoto wa binadamu: nyembamba, na inakaza vizuri kwenye chupa ya soda ya plastiki. Huja bila tundu. Kata ncha kidogo tu. Ukipindua chupa maziwa yadondoke, yasichuruzike, maana yakizidi kasi huingia mapafuni na kuleta nimonia. Kigololi cha kitakoni huruhusu hewa kuingia. Kikigandwa na maziwa, chupa hubonyea na mnyonyaji huchoka bure, kwa hiyo kioshe kila baada ya mlo. Mlo wa kwanza wa dang'a (maziwa mazito ya mwanzo baada ya kuzaa): mililita 50 kwa kilo ya uzito, nyuzijoto 39, ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa. Mpira wenyewe hupasuka upesi ukitafunwa, nunua mbili.