Maiki ya UMIK-1 na programu ya REW: ndo zimenitulizia trebo (sauti nyembamba za juu) iliyokuwa inachoma masikio

Nianze na tatizo lenyewe maana bila hilo hutaelewa kwanini nakasifia haka kamaiki. Nina spika za rafu, twita zake (vile vispika vidogo vya kutoa trebo) ni za alumini, ukiwasha muziki dakika kumi za mwanzo unafurahi kweli, kila kitu kinasikika, alafu ikifika nusu saa masikio yameshachoka, unajikuta unapunguza sauti bila hata kufikiria. Herufi s ndo ilikuwa balaa. Muimbaji akisema tu "sasa" hizo s zinatoka kama mtu anachana karatasi pembeni ya sikio lako, na matoazi ya dramu yanalia kama misumari inamwagwa kwenye bati. Nikabadilisha ampi (amplifaya), nikabadilisha waya za spika, trebo ileile. Hela na muda nilivyopoteza hapo vinaniuma mpaka leo, ndo maana naandika.

UMIK-1 ni maiki ya kupimia sauti ya miniDSP, unaichomeka USB kwenye kompyuta basi, haitaki kadi ya sauti. Kila moja ina namba yake, ukiiingiza hiyo namba kwenye tovuti yao unapakua faili la masahihisho la maiki yako hiyohiyo. Yanakuja mafaili mawili, moja la kuelekeza maiki kwenye spika na jingine la kuielekeza juu darini, usiyachanganye kabisa, maana tofauti yake kubwa iko kwenye trebo na trebo ndo unayoihangaikia. Programu ni REW ya John Mulcahy, ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux. Inapiga mluzi unaoanza chini kabisa kwenye besi unapanda mpaka juu, sekunde chache tu, alafu inakuchorea mstari unaoonyesha spika zinatoa sauti kubwa kiasi gani kuanzia besi mpaka trebo. Usipandishe sauti sana wakati wa kupima, twita ni kitu laini inaungua.

Mstari wangu ulikuwa na nundu kati ya hezi 5,000 na 9,000 (hezi zikiwa nyingi sauti ni nyembamba zaidi), kama desibeli 4 hivi, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Aisee nilifarijika, sikuwa naota! Hapo ndo zinapokaa s na sh.

Kitu cha kwanza nilichojaribu hakikugharimu chochote. Spika zilikuwa zinanitazama usoni kabisa, nikazigeuza ziangalie mbele moja kwa moja, zipite pembeni ya mabega yangu, nikapima tena, juu pale kumeshuka desibeli 2 na besi haijatikisika. Sababu ni kwamba wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3 na kitu tu, kwahiyo linatoka kwenye twita likiwa limebanana kama mwanga wa tochi, ukikaa pembeni ya tochi mwanga unapungua. Yaani nilinunua ampi nzima kabla ya kugeuza spika.

Chumba nacho. Sakafu ya vigae, ukuta mtupu, nikipiga kofi moja nasikia trrrr inabaki hewani. Nikatandika zulia zito mbele ya spika na mapazia mazito yenye mikunjo. Sasa hapa mstari ulishuka kidogo mno, hata desibeli 1 haikufika, lakini ukiangalia grafu ya jinsi sauti inavyofifia unaona mkia umekuwa mfupi, na sikio linasikia hilo vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila usijaze vitambaa kila kona, vinakula trebo tu, besi inabaki inavuma peke yake chumba kinakuwa kizito.

Baada ya hapo nikafungua spika moja moja nikaunga rizista, kale kapande kanakopunguza umeme, ya om 1 (om ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye waya wa twita. Kwa twita ya om 8 hiyo inapunguza kama desibeli 1, inaonekana kidogo lakini ni trebo yote kwa pamoja inashuka. Nilijaribu 2.2 pia, karibu desibeli 2, muimbaji akawa kama anaimba ndani ya blanketi, nikairudisha 1 usiku uleule. Ukifungua spika waranti imekwenda, kwahiyo kama hutaki kushika kisolda tumia ikwalaiza, programu ya kupunguza au kuongeza sehemu fulani ya sauti, Windows ina Equalizer APO ya bure na REW inakutengenezea vichujio vya kuweka humo.

Kilichonisumbua na hiki kifaa ni kwamba unaanza kuufukuzia mstari ulionyooka. Usifanye hivyo! Pale unapokaa mstari unatakiwa ushuke taratibu kuelekea juu, ukiunyoosha mpaka hezi 20,000 makelele yanarudi palepale. Na kichwa kikisogea sentimita chache tu mistari ya juu inabadilika, kwahiyo pima sehemu kadhaa kuzunguka kiti uchukue wastani. Alafu kuna rekodi zilizorekodiwa kali tangu studio, hizo maiki haiwezi kuzisaidia, hizo napunguza kwa mkono.

Jana nimesikiliza masaa mawili sijagusa sauti. Naipa 9 kwa 10. Kama ampi yako ina kitufe cha trebo kipunguze kwanza, geuza na spika, ukiridhika usinunue chochote.